Simu ya nje kutumika Mwanza, na simu ya Mwanza kusafiri nje: tuwekane sawa

Mnara wa Nyakato · #1

Mwangaluka wakuu.

Swali la "ndugu yangu yuko nje anataka kunitumia simu, itashika laini za huku?" halikauki humu, na majibu huwa mawili tu: "itashika" au "achana nayo". Yote ni kubahatisha. Jina la kampuni halikujibu, bei ndiyo kabisa. Anayekujibu ni namba ya modeli. Galaxy S23 Ultra ya Ulaya ni SM-S918B, ya mitandao ya Marekani ni SM-S918U, ya Korea ni SM-S918N, ya China ni SM-S9180. Ukizipanga mezani pale Makoroboi huzitofautishi, lakini ndani kila moja ina mambo yake.

Kwa hiyo kabla hela haijatoka, mwambie aliyeko dukani akutumie picha mbili: namba ya modeli, na skrini baada ya kubonyeza *#06#. Ukishazipata, fuata hivi.

Kwanza masafa. Huku kwetu 2G iko 900 na 1800 (hizi zote ni MHz). 3G iko 2100 na 900. 4G inategemea mtandao wako na mahali ulipo: 1800 (bendi ya 3), 800 (bendi ya 20), 700 (bendi ya 28), na kwa baadhi 2300 (bendi ya 40). 5G nayo inategemea mtandao wako; bendi mojawapo ya kuitafutia ni 3500, yaani n78. Bendi za 2, 4, 12, 13, 17, 66 na 71 utakazoziona zimejazana kwenye simu za Marekani hazina kazi hapa. Hiyo haina maana kwamba simu za Marekani ni mbaya. Zile za bei kubwa huwa na bendi za kwao na za kwetu pia. Balaa liko kwenye simu za bei rahisi ambazo mitandao ya kule huwapa wateja wa mkataba: nyingi hazina 20 wala 28, na nyingine hata 3 hazina.

Ukiingia GSMArena, tovuti ya sifa za simu, kuangalia, soma jina la toleo. Simu moja inaweza kuorodheshwa matoleo matatu, la kimataifa, la Marekani na la China, na watu husoma mstari wa kwanza wakafunga ukurasa.

Pili kufuli la mtandao. Tatu romu, yaani mfumo uliopakiwa kwenye simu, hasa kwa simu za China. Nne IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Hizo nawaachia mafundi wa humu. Karibuni.

---

Dagaa wa Ukara · #2

Mkuu, Redmi imetoka China. Nikiwa Mwanza mjini 4G imejaa. Nikivuka kurudi kisiwani inasoma H+ (3G), muda mwingine E (2G). Fundi anasema antena imekufa, anataka kuifungua. Nimruhusu?

---

Fundi wa Igoma · #3

Usimruhusu, kiongozi. Antena iliyokufa ingekusumbua na mjini pia.

Redmi nyingi za soko la China hazina bendi ya 20, na ya 28 ni ya kubahatisha. Mjini minara imekaa karibu karibu na 1800 inatosha, ndiyo maana unaona 4G imejaa. Ukitoka mjini, kuelekea Sengerema, Ukerewe au visiwani, mtandao hutegemea zaidi masafa ya chini, 700 na 800, kwa sababu yanafika mbali na yanapenya. Simu yako haiyasikii hayo hata kidogo. Inashuka kwenye 3G ya 900 au 2100, ndiyo hiyo H+ unayoiona.

Jipime hivi bila kufungua kitu: chomoa laini yako, iweke kwenye simu ya mtu iliyonunuliwa hapa nchini, msimame palepale. Yake ikisoma 4G na yako H+, kesi imekwisha, ni bendi. Zote mbili zikisoma H+, basi mnara wa hapo hauna 4G na simu yako haina kosa.

Na asikudanganye mtu kwamba atakuongezea bendi kwa kuflashi, yaani kupakia mfumo upya. Kuna programu za kuwasha bendi kwenye baadhi ya chipu, lakini kichujio na kikuza mawimbi cha bendi ile visipokuwepo kwenye bodi, utakuwa umebadilisha maandishi tu.

La kufanya: tafuta kisiwani mtandao ambao 4G yake iko kwenye 1800, hamia huo kwa intaneti. Au nunua rauta ndogo ya mfukoni yenye bendi 20 na 28, simu ishike Wi-Fi yake. Ya pili ni ghali kidogo lakini haikulazimishi kuhama mtandao ambao namba yako ya M-Pesa iko.

---

Mnara wa Nyakato · #4

Niongeze kidogo kwa wa visiwani na wavuvi. Mnara wa 2G una ukomo wa takriban kilomita 35, hata kama maji ni tambarare na mnara unauona kwa macho. Si udhaifu wa mawimbi. Simu na mnara huongea kwa zamu, na ishara ikitoka mbali mno inachelewa na kuangukia zamu ya mwingine, kwa hiyo mnara unaikataa. 4G nayo ina ukomo wake, na katika mpangilio wa kawaida ni mfupi zaidi, kilomita 14 na ushee. Ukiwa ziwani usiku una mistari miwili mitatu ya mtandao lakini simu haitoki, mara nyingi ni hilo. Simu ya bei kubwa haikuokoi hapo.

Mjini kwetu adui ni mawe. Nyumba iliyojificha nyuma ya mlima wa Mabatini au Igogo, 1800 inapiga jiwe na kurudi. Mwenye bendi ya chini anapata kitu, asiye nayo anapanda juu ya jiwe kuongea na mchumba.

---

Binti wa Nansio · #5

Kaka Mnara asante. Kuna mtu kaniambia nibonyeze *#*#4636#*#* nichague LTE (4G) pekee, simu isishuke H+. Intaneti imetulia kweli, lakini sasa menyu ya M-Pesa haifunguki na watu wananiambia sipatikani.

---

Fundi wa Igoma · #6

Dada, umefunga mlango ambao simu zinapitia. Kupiga simu kwenye 4G kunahitaji VoLTE, na VoLTE haifanyi kazi kwa kuwa tu simu ina 4G: lazima mtandao wako na kampuni ya simu wawe wameiweka kwa modeli hiyo. Simu nyingi za nje hazimo. Isipokuwepo, simu hushuka 3G au 2G kila inapopigiwa, halafu inarudi. Ukichagua LTE pekee hakuna pa kushukia. USSD, zile menyu za nyota na reli, ni vilevile, ndiyo maana *150*00# inakuletea "connection problem or invalid MMI code".

Rudi kwenye menyu ileile, chagua ile yenye LTE, WCDMA (3G) na GSM (2G) pamoja. Ukimaliza, zima na kuwasha hali ya ndege.

Kosa hilohilo linakuja kwa njia nyingine. Android za karibuni zina swichi ya kuruhusu 2G kwenye mipangilio ya laini. Simu inaweza kukufikia imezimwa. Kijijini ambako kuna 2G tu, simu hiyo inaonyesha haina mtandao kabisa. Iwashe.

---

Kamanga Feri · #7

iPhone. Bei yake pale dukani ni kama nusu ya nyingine za aina hiyo, muuzaji anasema "ni ya Marekani, ina chipu, haina shida". Ina shida au haina?

---

Mama Laini · #8

Ina shida, mwanangu, na muuzaji kakutajia mwenyewe.

Hiyo simu imefungwa kwa mtandao wa Marekani. Chipu anayoisema ni kijisahani chembamba kinachokaa chini ya laini na kuidanganya simu kwamba laini ni ya mtandao wake. Inafanya kazi hadi siku utakapofanya apudeti, au siku mbinu ile itakapozibwa. Siku hiyo inasoma "SIM not supported" na unabaki na kioo cha kutazamia picha.

Kagua hivi kabla ya kulipa. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya jumla, halafu taarifa za simu, shuka hadi palipoandikwa "Carrier Lock". Pakisoma "No SIM restrictions", iko huru. Pakisoma vingine vyovyote, hata kama mtandao umeshika na unapiga simu, imefungwa. Kisha chomoa kitrei mwenyewe, kwa mkono wako, uangalie kama kuna ngozi nyembamba ya dhahabu chini ya laini.

Kufuli la iPhone linakaa kwenye seva, si kwenye simu, kwa hiyo anayeweza kulifungua kihalali ni mtandao ulioiuza tu. Ndugu aliyeko kule aombe kufunguliwa kabla hajaituma, simu ikiwa imelipiwa yote. Ikishafika Mwanza na deni juu yake, hakuna fundi wa Rwagasore atakayekusaidia.

Ukitaka kukwepa kufuli kabisa, angalia nchi inakotoka. Canada simu lazima ziuzwe zikiwa wazi tangu Desemba 2017. Uingereza tangu Desemba 2021. Japani tangu Oktoba 2021. Iliyouzwa mpya huko baada ya tarehe hizo haikupi presha ya kufuli la mtandao.

Halafu usichanganye kufuli la mtandao na kufuli la akaunti. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na kuiwasha upya hadi skrini ya mwanzo. Ikidai barua pepe ya mwenyewe wa kwanza, au ikaandika kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, iache hapohapo juu ya kaunta.

---

Sangara Mbichi · #9

Hapo kwenye namba ya modeli ya iPhone, herufi za mwisho zinasema ilikouzwa: LL/A Marekani, B/A Uingereza, J/A Japani, CH/A China bara. Herufi ya kwanza nayo inasema: M ni mpya, F imekarabatiwa na kampuni, N ilitolewa kufidia mbovu. Mtu anakuuzia "mpya boksi" na namba inaanza na N, mwombe punguzo au uondoke.

---

Mama Laini · #10

Umenena. Na hizo herufi zinakusaidia kwa jambo jingine ambalo watu wanalisahau: tundu la laini. iPhone za Marekani kuanzia 14 hazina kabisa pa kuweka laini, ni eSIM tu, laini iliyojengwa ndani ya simu. Zamani tukasema "basi chukua ya Dubai". Kwa iPhone 17 hiyo nayo imekufa: Emirati, Saudia, Oman, Qatar, Kuwait, Bahrain, Canada, Mexico na Japani zote zinauziwa isiyo na tundu. iPhone Air haina tundu popote duniani. iPhone 17 ya China bara, CH/A, kinyume chake, ina tundu la laini mbili za kawaida.

eSIM si mbaya. Ila fikiria unaishi wapi. Uliza kwanza kama mtandao wako unaitoa, kisha ujue utaenda duka la mtandao na namba yako ya NIDA na kidole, kila unapobadilisha simu. Ukiwa Ukerewe simu ikazama majini, mwenye laini ya kawaida anaikausha na kuitia kwenye kitochi cha jirani, dakika mbili anaendelea na biashara. Mwenye eSIM anasubiri meli.

Kwa Android, bonyeza *#06#. Ukiona mstari wa EID wenye tarakimu 32, simu inakubali eSIM. Usipouona, haikubali, hata tangazo liseme nini.

---

Kirumba Sokoni · #11

Samsung mpya kutoka Ulaya, boksi halijafunguliwa, ukiweka laini ya hapa inadai namba ya siri ya kufungua mtandao. Na ilinunuliwa taslimu, si ya mkataba.

---

Fundi wa Igoma · #12

Hilo ni kufuli la ukanda, si la mtandao. Soma stika kwenye boksi: imeandikwa kwamba simu ni ya laini za eneo fulani. Linafunguka lenyewe simu ikipiga jumla ya dakika 5 kwa laini ya eneo lile ilikouzwa. Baada ya hapo inakubali laini ya popote.

Ndiyo maana kwa Samsung mimi huwaambia watu kinyume na wanavyopenda: usikubali boksi lililofungwa. Aliyeko kule alifungue, aweke laini ya kule, apige dakika 5 na ziada kidogo, ndipo atume. Simu za WhatsApp hazihesabiwi.

Na linauma pande zote. Ukinunua Samsung mpya hapa kumpelekea mtoto anayesoma Ulaya, ipigie kwanza hizo dakika kwa laini ya hapa.

---

Buzuruga Stendi · #13

Xiaomi za China zenye romu ya kimataifa, vipi? Bei zake zinashawishi.

---

Fundi wa Igoma · #14

Zipo aina mbili, na unayoogopa siyo ya kuogopwa.

Yenye romu ya China halisi inatumika. Google imo ndani ila imelazwa: ingia akaunti kwenye mipangilio, washa huduma za msingi za Google, kisha weka Play Store. Kiswahili usikitegemee, menyu ni Kiingereza na Kichina. Ujumbe wa WhatsApp utachelewa kuingia kwa sababu mfumo unaua programu zilizo nyuma ya pazia. Dawa ni kuipa WhatsApp ruhusa ya kujiwasha yenyewe, na kwenye betri uiondolee vizuizi. Fanya hivyo kwa kila programu ya benki na ya pesa.

Ya kuogopa ni ile ambayo muuzaji kaifungua butiloda (programu inayowasha simu na kulinda mfumo wake) akaibandika romu ya kimataifa ili ionekane safi. Ukiiwasha inaonyesha kialama cha kufuli lililo wazi. Programu za benki nyingi zitaikataa. Na ukijaribu kuifunga butiloda romu ikiwa bado ya kimataifa kwenye simu ya China, inagoma kuwaka, inaandika kwamba mfumo huo hauwezi kuwekwa kwenye kifaa hicho. Kurudi nyuma kutoka hapo ni kazi ya fundi mwenye kompyuta. Mwanzoni kabisa rudisha romu ya China, ndipo ufunge.

Namba ya modeli ya Xiaomi inayoishia C ni ya China, G ya kimataifa, I ya India. Romu inasema kimataifa na modeli inaishia C: umeshajua kilichofanyika. Na kumbuka ya Ukara hapo juu, romu haileti bendi ya 20.

---

Sirari Mpakani · #15

Tugeuze upande. Simu ya huku kwenda nje, na sisi wa mipakani.

---

Mnara wa Nyakato · #16

Mipakani kwanza, maana ndiko watu wanakoliwa salio kila siku. Sirari, Mutukula, au ukiwa ziwani upande wa Kenya au Uganda, simu inashika mnara wenye nguvu kuliko wote bila kukuuliza ni wa nani. Zima data ya rominga (laini yako ikitumia minara ya nchi nyingine), kisha kwenye mitandao ya simu ondoa uchaguzi wa kiotomatiki, uchague mtandao wako kwa mkono. Ikikuonyesha namba badala ya jina, 640 ni Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda. Ukirudi mjini rudisha kiotomatiki, la sivyo siku utakayosafiri utashangaa simu imekufa.

Kenya na Uganda masafa ni ndugu na yetu, simu haina tatizo.

Uturuki ni habari nyingine. Ukiweka laini ya kule kwenye simu iliyotoka nje, inafanya kazi siku 120 kisha inafungwa IMEI, mpaka ulipie usajili ambao si pesa ndogo. Mfanyabiashara wa wiki mbili hana wasiwasi. Mwanafunzi anao.

Marekani 3G ilizimwa 2022 kwa mitandao yote mitatu mikubwa, Australia ikafuata Oktoba 2024. Maana yake huko bila VoLTE hupigi simu kabisa, na AT&T ina orodha ya modeli inazozikubali. Tecno, Infinix na itel zilizotengenezwa kwa soko letu nyingi hazimo, na bendi zao nyingi hazipo. Nenda nayo kwa Wi-Fi na picha, simu ya kupigia utanunua huko.

Dubai, WhatsApp kupiga haiendi, ujumbe unaenda. Kizuizi ni cha mitandao ya kule, kwa hiyo simu iliyonunuliwa Dubai ikifika hapa inapiga WhatsApp kama kawaida. China WhatsApp imezuiwa yote, lakini ukiwa kwenye rominga ya laini ya Tanzania inapita, kwa sababu data yako inarudishwa hadi mtandao wa nyumbani kabla ya kutoka. Ghali, lakini inapita.

Laini ya huku usiiache nyumbani. Iweke tundu la pili, data ya rominga imezimwa, ili upokee meseji za benki. Rominga yenyewe iombe mtandao wako uiwashe kabla hujaondoka. WhatsApp ikikuuliza kama umebadilisha namba baada ya kuweka laini ya ugenini, kataa, inabaki na namba yako ya zamani.

---

Sangara Mbichi · #17

Chaji mmeisahau. Soma kichwa cha chaji, "INPUT 100–240V 50/60Hz". Vya simu karibu vyote viko hivyo, kwa hiyo cha Marekani hakiungui hapa kwenye 230. Mashine ya kunyolea ya volti 120 ndiyo hulipuka, watu wakaogopa na chaji. Tatizo la hivi ni pini mbili bapa kwenye adapta za kuungaunga: zinalegea, zinapiga cheche, tundu linayeyuka. Nunua kichwa cha pini tatu chenye USB-C na PD (mfumo wa kuchaji haraka). Oppo na OnePlus zitachaji taratibu kwa kichwa kisicho chake, hilo si ubovu.

---

Mama Laini · #18

Nami niweke IMEI maana haijaguswa. Ni tarakimu 15. Linganisha inayotokea kwa *#06#, ya kwenye boksi, na ya kwenye kitrei au mfuko wa nyuma kama ipo. Kisha itume kwa meseji kwenda 15090. Itakurudishia aina ya simu. Ikikurudishia jina la simu nyingine, namba imenakiliwa. Tarakimu 8 za mwanzo ndizo zinazobeba modeli, ndiyo maana anayebandika IMEI bandia hukamatika hapo. Zilizozimwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Juni 2016 zilikuwa na tatizo la aina hiyo, na mfumo ule bado upo.

Simu yenye tundu mbili ina IMEI mbili. Tuma zote.

---

Dagaa wa Ukara · #19

Nimepima kama Fundi alivyosema. Tecno ya jirani 4G, yangu H+, tumesimama jiwe moja. Rauta ya mfukoni, wakuu: nikiwa dukani nitajuaje kwamba ina 20 na 28?

---

Fundi wa Igoma · #20

Igeuze chini usome modeli kwenye stika, itafute hiyo hiyo mtandaoni, si jina la boksi. Ukiona "LTE B1/B3/B7/B8/B20/B28" chukua. Na hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja, maana rauta nyingi za ofa zimefungwa: mwambie muuzaji aweke laini yako ya huko kisiwani palepale, uone intaneti inapita. Kwenye APN, yaani mpangilio wa kuunganisha intaneti, andika "internet", mitandao mingi ya hapa inatumia hiyo.